Mzigo wa Maradhi na Mbebaji Wake: Sarufi ya Afya katika Mitaa Duni ya Miji, kutoka Bomani hadi Uswahilini

1.0 Utangulizi

Mjini Tarime, mkoani Mara, ipo kata iitwayo Bomani. Jina hili halihitaji kufasiriwa kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Hapo awali boma lilikuwa ua wa miti au mawe uliozungushwa kwa ajili ya ulinzi wa watu na mifugo. Baadaye maana ya neno ilipanuka ikajumuisha ngome, na katika zama za ukoloni likawa jina la ofisi ya serikali pamoja na eneo lake lote: mkuu wa wilaya, polisi, mahakama na hazina. Katika sehemu hii ya mpakani Wajerumani waliweka boma lao Shirati, kando ya Ziwa Viktoria. Chini ya Waingereza wilaya ya Mara Kaskazini ilikuwa na makao yake Tarime. Kiambishi cha mahali -ni kilitosha kuligeuza jengo kuwa mtaa. Katika mji huohuo ipo pia kata ya Sabasaba, iliyochukua jina la siku iliyoundwa TANU, tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo, hata katika mji mdogo majina ya mitaa huhifadhi kumbukumbu ya nani alikuwa na mamlaka ya kuupanga mji, na lini.

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya majina ya namna hiyo, lugha inayotumika kueleza maradhi, na maradhi yenyewe katika mitaa duni ya miji ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili rasmi cha afya, kwa uteuzi wake wa vitenzi na wa nafsi, kina mazoea ya kumficha mtenda pale panapozungumzwa chanzo cha maradhi, na kumfichua pale tu panapotakiwa mtu wa kuagizwa. Matokeo yake ni kwamba visababishi vya kijamii vya afya, yaani makazi, maji, kipato na umiliki wa ardhi, hukosa nafasi katika sentensi kabla hata ya kukosa nafasi katika bajeti.

Data inayojadiliwa ni ya aina tatu: majina ya mitaa, istilahi na kaulimbiu za afya, na msamiati wa wakazi wenyewe. Mifano mingi inatoka Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, kwa kuwa huko ndiko historia ya ugawaji wa miji na takwimu za maradhi zilikoandikwa kwa urefu zaidi. Tarime inatazamwa kama mfano wa miji midogo inayokua. Idadi ya watu wa mkoa wa Mara iliongezeka kutoka 1,743,830 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 2,372,015 katika sensa ya mwaka 2022, yaani kwa zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Miji ya mkoa kama huo bado ina fursa ya kuchagua njia ambayo miji mikubwa imekwisha kuikosa.

2.0 Mji Ulivyogawanywa

Majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yanapatikana katika miji mingi ya Tanzania. Dodoma na Mbeya, kwa mfano, zina Uzunguni na Uhindini hadi leo. Kimofolojia muundo wake ni mmoja: shina la jina la jamii, kiambishi awali u- na kiambishi tamati cha mahali -ni. Muundo huo unaonyesha kana kwamba watu wa aina moja walikusanyika mahali pamoja kwa hiari yao. Historia inaonyesha vingine.

Mjini Dar es Salaam kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji katika kanda kwa kigezo cha aina ya ujenzi: kanda ya nyumba za mtindo wa Kizungu, kanda ya nyumba za vifaa vya kudumu, na kanda ya vibanda vya wenyeji. Kigezo kilikuwa nyumba, lakini kwa kuwa uwezo wa kujenga ulifuata rangi, mipaka ya nyumba ilikuwa pia mipaka ya watu. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo ili kuutenga mji wa Waafrika na sehemu nyingine.

Sababu iliyotolewa aghalabu ilikuwa afya. Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kufanya utafiti wa malaria. Nadharia ya vimelea ilikuwa imethibitisha kwamba maradhi huenezwa na viumbe visivyoonekana kwa macho. Watawala wakahitimisha kwamba dawa ni kutenganisha watu wanaoonekana. Mjini Nairobi, tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya afya katika Afrika Mashariki, na mapendekezo yake yalikuwa kutenga makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika. Waraka wa Serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 ulikataa rasmi ubaguzi wa makazi baina ya Wazungu na Waasia katika miji ya Kenya, lakini ramani ilikuwa imekwisha chorwa. Mjini Zanzibar, upande wa pili wa hori lililoutenganisha na Mji Mkongwe, kulikuwa na Ng'ambo. Jina hilo nalo lina msimamo ndani yake: ng'ambo huwa ng'ambo kwa yule tu anayesimama upande huu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mgawanyo huo haukugawa watu peke yao. Uligawa pia mabomba, mitaro, barabara na nafasi. Uzunguni ulipewa viwanja vikubwa penye mwinuko na upepo wa bahari. Uswahilini uliachiwa msongamano na, mara nyingi, mabonde. Baada ya uhuru rangi iliondolewa katika sheria, lakini mabomba hayakuhama. Ndiyo maana neno uswahilini limebadilika kisemantiki bila ya kubadilika kijiografia. Halitaji tena kabila wala asili, bali kipato na hali: nyumba zilizobanana, vichochoro visivyopitika kwa gari, maji ya kununua kwa ndoo. Vijana wamelifupisha kuwa uswazi na kulipa kinyume chake, ushuani. Jozi ya ukoloni imepata jina jipya, lakini jozi imebaki.

3.0 Mzigo: Istilahi na Takwimu

Istilahi mzigo wa maradhi ilienea kutokana na juhudi za miaka ya 1990 za kupima hasara iletwayo na kila ugonjwa duniani. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1993, iliyotolewa na Benki ya Dunia, ilitumia kipimo kinachojumlisha miaka inayopotea kwa kifo cha mapema na miaka inayoishiwa katika ulemavu. Kipimo hicho kina faida kubwa, kwani kinaruhusu magonjwa yasiyofanana kulinganishwa. Hata hivyo, istilahi ilipoingia katika Kiswahili ilikuta neno ambalo tayari lilikuwa na mahusiano yake. Mzigo katika Kiswahili hubebwa, hutwikwa na hutuliwa. Penye mzigo pana mbebaji, na mara nyingi pana mtwikaji. Methali husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Takwimu hupima uzito wa mzigo. Lugha huuliza pia ni nani aliyeutwika.

Takwimu za Nairobi zinaonyesha umuhimu wa swali hilo. Utafiti uliofanywa mwaka 2000 katika mitaa ya mabanda ya jiji hilo ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 151 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kiwango cha Nairobi kwa jumla kilikuwa takriban 62, na cha vijijini nchini Kenya takriban 113. Kabla ya hapo ilidhaniwa na wengi kwamba mtoto wa mjini, kwa kuwa karibu na hospitali, ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko mtoto wa kijijini. Wastani wa jiji ulikuwa umeificha mitaa yake. Mtoto wa mtaa wa mabanda alikuwa katika hatari kubwa kuliko mtoto wa kijijini, huku akiishi mwendo mfupi kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Tangu mwaka 2002 wakazi wa Korogocho na Viwandani wamefuatiliwa katika utafiti wa muda mrefu wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika. Uchambuzi wa vifo vya miaka ya mwanzo ya utafiti huo ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi, UKIMWI na kifua kikuu vilisababisha takriban nusu ya mzigo wa vifo, huku majeraha ya ugomvi na ajali yakichukua sehemu isiyo ndogo. Kwa watoto wadogo, nimonia na kuhara vilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Hakuna hata kimoja kati ya vifo hivyo kilicholetwa na ugonjwa usiojulikana. Kila ugonjwa una kinga au tiba inayofahamika, na kila mmoja una njia yake ya kupita nyumbani. Kifua kikuu hupita katika chumba kimoja kisicho na dirisha kinacholaliwa na watu wengi. Nimonia ya mtoto husaidiwa na moshi wa jiko la mkaa au la mafuta ya taa linalowashwa mlemle ndani. Kuhara hupita katika maji na kinyesi.

Habari njema ni kwamba utafiti wa aina ileile uliporudiwa mwaka 2012, vifo vya watoto katika mitaa hiyo vilikuwa vimeshuka hadi takriban 80 kwa kila 1,000. Mzigo, kwa hiyo, hautokani na maumbile. Unaweza kutuliwa.

4.0 Sarufi ya Mlipuko

Istilahi iliyozoeleka katika Kiswahili kwa maradhi yanayoenea kwa kasi ni magonjwa ya mlipuko. Nomino mlipuko imetokana na kitenzi lipuka, na lipuka ni mwenza wa lipua. Jozi za namna hii ni nyingi: zua na zuka, ibua na ibuka. Katika kila jozi kitenzi cha kwanza hudai mtenda na mtendwa. Kitenzi cha pili humwondoa mtenda kabisa na kumweka mtendwa katika nafasi ya kiima. Anayelipua bomu anaweza kushtakiwa. Bomu lililolipuka limelipuka tu.

Tungo zifuatazo, zilizoundwa kwa kufuata mtindo wa taarifa za habari na za ofisi, zinaonyesha mazoea hayo:

(1) a. Kipindupindu kimezuka katika baadhi ya mitaa.
b. Makazi holela yameibuka pembezoni mwa mji.
c. Magonjwa ya mlipuko yamelikumba eneo hilo.

Katika (1a) na (1b) kiima kinatenda bila ya mtenda. Makazi yameibuka, kana kwamba ni uyoga baada ya mvua. Neno holela lenyewe linaashiria kukosekana kwa mpango, ilhali historia iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0 inaonyesha kwamba hali hiyo ilitokana na mpango uliohesabu baadhi ya watu na kuwaacha wengine nje ya hesabu. Katika (1c) ugonjwa ndio mtenda na eneo ni mtendwa asiye na kosa wala uwezo. Tungo zote tatu ni sahihi kisarufi, na wala hazidanganyi. Tatizo ni kwamba hazimwachii msomaji nafasi ya kuuliza swali linaloanza na nani.

Neno mlipuko pia lina taathira katika dhana ya wakati. Mlipuko ni tukio la ghafla: kabla yake kulikuwa kimya na baada yake kuna vifusi vya kuondolewa. Lakini kipindupindu cha mijini hakina sura hiyo. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kipindupindu na vifo zaidi ya 2,200. Mwezi Agosti 2015 ugonjwa ulianza tena Dar es Salaam, ukaenea katika karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, Mara ukiwamo, na kufikia mwaka 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Ugonjwa unaorudi mjini kwa njia zilezile, kupitia visima vifupi vilevile na vyoo vilevile, haufanani na bomu. Unafanana na deni linalodaiwa kila msimu wa mvua.

Inafaa kulinganisha istilahi hii na jina la ugonjwa wenyewe. Kipindupindu, jina lenye mnyambuliko na uradidi wa mzizi -pind-, ni jina la dalili: linataja jinsi mwili wa mgonjwa unavyopinduliwa na kukunjamana. Kifua kikuu vilevile ni jina la mwili. Majina kama haya hayadai kueleza chanzo, na hivyo hayapotoshi. Mlipuko, kwa upande wake, hujifanya maelezo.

5.0 Kutoka "Mtu ni Afya" hadi "Nyumba ni Choo"

Iwapo mtenda hupotea pale chanzo kinapotajwa, hurejea kwa nguvu pale maagizo yanapotolewa. Chemsha maji. Nawa mikono kwa sabuni. Funika chakula. Chimba choo. Hapa kitenzi ni cha amri, nafsi ni ya pili umoja, na mtenda ni mmoja tu: mkazi.

Amri hizo zina haki yake. Maji yaliyochemshwa huua vimelea, na mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari umeokoa watoto wengi kote duniani. Katika wiki ya kipindupindu hakuna wa kungojea mtaro ujengwe. Suala linalojadiliwa hapa ni kama amri hiyo inabaki kuwa sentensi pekee hata baada ya wiki hiyo kupita.

Historia ya kampeni za afya nchini Tanzania ina mifano miwili inayofaa kulinganishwa. Wa kwanza ni "Mtu ni Afya", kampeni ya redio ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kutenda. Kaulimbiu hiyo ni sentensi ya kitenzi kishirikishi ni, isiyo na wakati wala amri. Amri haikuwamo katika kaulimbiu. Ilizaliwa katika kikundi, baada ya mjadala, kwa nafsi ya kwanza wingi: tuchimbe, tufyeke, tusafishe. Vyoo vingi vilichimbwa. Hata hivyo, kampeni hiyo ililenga hasa vijiji, na ilichukulia kwamba kila kaya ina ardhi ya kuchimba.

Wa pili ni "Nyumba ni Choo", kampeni ya kitaifa ya usafi wa mazingira iliyozinduliwa mwaka 2017. Muundo wa kisarufi ni uleule, lakini nomino imebadilika: mahali pa mtu pamechukuliwa na nyumba. Badiliko hilo ni la busara, kwa sababu linaondoa lawama katika tabia na kuiweka katika jengo. Pamoja na hayo, linazua swali la kisemantiki ambalo mjini halikwepeki: nyumba ya nani?

Nyumba ya kawaida ya Uswahilini ina ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Kila chumba huweza kupangishwa kwa kaya moja. Choo kimoja, basi, hutumiwa na kaya nne, tano au sita, ambazo hakuna hata moja inayokimiliki. Mwenye nyumba huenda anaishi humo humo, au huenda anaishi kwingine na kuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Mpangaji akiambiwa achimbe choo hana pa kuchimba. Akikijenga, anaongeza thamani ya mali isiyo yake, na pengine kodi yake mwenyewe. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ambako wapangaji ni wengi zaidi na wenye mabanda mara nyingi hawaishi humo, hali ni ngumu zaidi. Kiswahili kina nafsi sita, na amri ya afya huchagua moja tu kati yake. Nafsi ya tatu, yaani mwenye nyumba, halmashauri, mamlaka ya maji na mpima ardhi, haitajwi.

6.0 Msamiati wa Wakazi: Choo Kinachotapishwa

Ikilinganishwa na lugha hiyo rasmi, lugha ya wakazi ina umahususi wa kushangaza. Mfano ulio bora ni kitenzi kutapisha kama kinavyotumika Dar es Salaam. Shimo la choo linapojaa, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika kwa kuwa hakuna njia, au gharama yake inazidi uwezo wa nyumba, huchimbwa shimo jingine pembeni na ukuta wa lile la kwanza hutobolewa ili yaliyomo yahamie huko. Au husubiriwa mvua kubwa, kisha choo hufunguliwa, na maji ya mvua yakachukua kila kitu kuelekea bondeni. Hiyo ndiyo kutapisha choo.

Kimofolojia kitenzi hiki ni kauli ya kusababisha ya tapika. Kiambishi -ish- humrudisha mtenda: choo hakitapiki chenyewe, hutapishwa, na anayesikia kitenzi hicho ana haki ya kuuliza na nani na kwa nini. Sitiari yake nayo ina mantiki kamili. Choo ni mgonjwa aliyeshiba kupita kiasi. Mwenyewe humpa dawa ya kutapisha. Matapishi humfikia jirani wa chini. Ndani ya neno moja mna shimo lililojaa, nyumba isiyo na barabara, mvua, mteremko, na mtu anayekaa bondeni. Mlolongo mzima wa visababishi vya kijamii, kama vilivyoelezwa katika ripoti ya mwaka 2008 ya Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot, unapatikana humo kwa ufupi ambao ripoti haiwezi kuufikia.

Neno jingine ni vyura, jina la watu wanaokodiwa kuingia katika mashimo hayo na kuyakomba kwa ndoo. Chura huishi majini na nchi kavu. Chura huyu huingia pasipoingiwa na mtu. Jina lina dhihaka, lakini pia linakiri jambo ambalo lugha rasmi imechelewa kulikiri: kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kubeba mzigo wa mji kwa mikono yao, bila ya glavu wala bima.

Majina ya mitaa nayo huhifadhi elimu ya mazingira. Msasani Bonde la Mpunga ni jina linalosema wazi kwamba hapa palikuwa shamba la zao linalopenda maji kusimama. Nyumba zilipojengwa juu yake, maji hayakusahau. Kinyume chake ni Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliwalazimu wakazi wengi kuhamishiwa Mabwepande. Aliyesoma jina hilo peke yake angetarajia ukame.

Haifai, hata hivyo, kuikweza lugha ya wakazi kupita kiasi. Kutapisha hutaja mtenda, lakini pia humzoesha msikilizaji kuliona tendo hilo kuwa la kawaida. Uswahilini hutumika na wakazi wenyewe kwa aibu au kwa utani wa kujidunisha. Msamiati huo, kwa hiyo, unafaa kuchukuliwa kama ushahidi wa maarifa, si kama mbadala wa istilahi. Mwanaistilahi anayetaka kujua maji machafu yanapita wapi atafaidika zaidi akiwasikiliza wanaokaa bondeni kuliko akifungua kamusi.

7.0 Nafsi ya Kwanza Wingi

Upo ushahidi kwamba mtenda akitajwa na kushirikishwa, mambo hubadilika. Katika mwanzo wa miaka ya 1970 serikali ya Tanzania iliachana na sera ya kubomoa mitaa duni na kuanza sera ya kuiboresha. Manzese ni miongoni mwa mitaa iliyopata barabara na maji kwa njia hiyo, huku viwanja vilivyopimwa vikitolewa Sinza na Kijitonyama. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, walishiriki kwa kamati zao na kwa nguvu kazi ya malipo katika kujenga mitaro ya maji ya mvua na njia za mtaa wao. Mjini Nairobi, mwaka 2017, Mukuru ilitangazwa kuwa eneo maalumu la upangaji, ili mipango ya maji, majitaka, afya na ardhi itungwe kwa pamoja na wakazi wakiwa miongoni mwa watunzi.

Katika mifano hii yote afya haikuja kama idara peke yake. Ilikuja kama mtaro, kama bomba, kama njia ya gari, kama karatasi ya haki ya kukaa. John Snow alipochunguza kipindupindu cha London mwaka 1854 hakuishia kuwaambia wakazi wachemshe maji. Alitafuta pampu iliyokuwa chanzo, na mpini wake ukaondolewa. Sentensi yake ilikuwa na kiima, kitenzi na yambwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba baina ya ramani ya mji na sarufi ya afya kuna uhusiano wa karibu. Ramani ya kikoloni iliwapa baadhi ya watu boma na wengine ng'ambo. Sarufi ya leo huendelea kueleza matokeo ya mgawanyo huo kwa vitenzi visivyo na mtenda, kisha humwagiza mwathirika kwa nafsi ya pili umoja. Kurekebisha lugha pekee hakutazibua mtaro hata mmoja. Lakini mtaro ambao hauna nafasi katika sentensi hauna pia anayewajibika kuuzibua.

Kwa upande wa istilahi, matokeo ya uchambuzi huu yanaelekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi magonjwa ya mlipuko ibaki kwa dharura halisi, na maradhi yanayorudi kila msimu yapewe maelezo yanayotaja urejeaji wake. Pili, kila taarifa ya afya inayotumia zuka au ibuka ijaribiwe kwa mwenza wake, zua au ibua, ili kuona kama yupo mtenda anayepaswa kutajwa. Tatu, maagizo kwa mkazi yaandamane na maagizo kwa mwenye nyumba na kwa halmashauri, katika bango lilelile na kwa herufi za ukubwa uleule.

Mambo haya yana uzito wa pekee kwa miji kama Tarime. Dar es Salaam inalipa leo gharama ya mabonde yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Mji mdogo ambao bado una mabonde yasiyojengwa unaweza kuyapima kabla ya nyumba kutangulia. Hapo ndipo jina la Bomani linapoweza kurudia maana yake ya kwanza. Kabla ya kuwa ofisi, boma lilikuwa ua, na kazi ya ua ilikuwa kuwakinga wote waliomo ndani yake. Swali linalobaki mbele ya wapangaji wa miji, waganga na wanalugha ni moja: ua huo utazungushwa ukiwaweka akina nani ndani, na mzigo wa watakaoachwa nje atatwikwa nani.